Damu ya Kisigino

Mtoto wa wiki sita hachomwi kidole. Vidole vyake ni vyembamba mno, havina damu ya kutosha. Unachoma kisigino, pembeni, pale penye nyama. Kwanza unakipasha joto kwa kitambaa kilicholowekwa maji ya moto, maana asubuhi za Kibondo zina baridi na damu ya mtoto aliyepoa haishuki. Ukishachoma unasubiri tone linene, unaligusisha kwenye duara lililochorwa juu ya kadi, unasubiri lingine, mpaka maduara yote yajae. Muda wote huo mtoto analia. Mama yake anatazama ukutani.

Hiyo ndiyo kazi niliyoanza Kibondo mwaka 2012, nilipopangiwa kwenye maabara ya kituo kimoja cha afya. Nilipima malaria, choo, mkojo, makohozi, wingi wa damu, kama mtu yeyote wa maabara wilayani. Lakini nikikumbuka miaka ile kinachonijia kwanza ni visigino.

Watu wazima tuliwapima virusi vya UKIMWI kwa kipimo cha haraka. Tone la damu, robo saa, mstari mmoja au miwili, basi. Kipimo kile hakioni kirusi chenyewe. Kinaona askari ambao mwili umewatengeneza kupigana na kirusi. Sasa mtoto mchanga huzaliwa na askari wa mama yake wakiwa bado wanazunguka ndani ya damu yake, na huchukua hadi mwaka na nusu kuisha. Kwa hiyo mtoto wa mama mwenye virusi angeweza kuonyesha mistari miwili hata kama yeye mwenyewe hana kitu. Kujua ukweli mapema ilibidi kukitafuta kirusi chenyewe, na mashine ya kukitafuta ilikuwa kwenye maabara ya kanda, mwendo wa kutwa nzima kwa basi. Sisi tulituma kadi, wao walituma majibu. Kati ya kutuma na kujibiwa watoto walikua, na wengine walikufa.

Sikuwa nimechoka nilipoanza. Uchovu ulikuja polepole, kama ule wa mtu anayelala vizuri kila siku lakini anaamka vilevile alivyolala. Nadhani ulitokana na kuulizwa swali lilelile na kina mama tofauti, na mimi kutoa jibu lilelile: bado.

Mama wa Mabamba alikuja mwishoni mwa 2013, mvua zimeshashika. Namwita hivyo kwa sababu ndivyo tulivyomwita pale kituoni. Alitoka Mabamba, karibu kabisa na mpaka. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi zamani, yeye akazaliwa huku, na wakati huo ukoo mzima ulishapata uraia. Aliuza mawese na maharage siku za soko. Alikuwa mwembamba, mrefu, na alikuwa na tabia ya kukaa kimya mpaka ukadhani hajakusikia, kisha anajibu.

"Mwakeye, daktari," alinisalimia kwa Kiha, akakaa, akamfungua mtoto mgongoni.

Sikuwa daktari. Lakini pale kwetu kila mwenye koti jeupe ni daktari, na nilishaacha kusahihisha. Nikamwitikia.

Alikuwa na mtoto wa kike, mwenye nywele nyingi. Mama alinieleza, bila mimi kumuuliza, kwamba kabla ya huyu alizika wa kiume ambaye hakuwahi hata kujua kukaa. Wakati ule hakuna aliyejua kilichomuua. Ni katika mimba hii ndipo alipopimwa kliniki akaambiwa ana virusi, akaanza dawa, na usiku ule alilala akihesabu mambo ya nyuma na kuelewa.

"Na huyu anavyo?" akauliza.

"Hatujui, mama. Ndiyo maana tunachukua damu."

"Jibu leo?"

"Si leo. Inakwenda mbali, halafu inarudi. Mwezi, pengine zaidi."

Alikaa kimya mpaka nikadhani hajanisikia. "Kumbe mmenitoa Mabamba ili mniambie nisubiri," akasema. Hakusema kwa hasira. Alinyoosha mguu wa mtoto, akanishikia.

Kadi zile lazima zikauke kabla ya kufungwa. Unazipanga kwenye kirafu mahali pasipo na jua na unaziacha kwa saa nyingi, kisha unazifunga pamoja na vifuko vidogo vinavyonyonya unyevu. Kiangazi hakuna shida. Wakati wa mvua, Kibondo, hata chumvi inalowana ndani ya kopo. Nilizikausha kadri nilivyoweza, nikafunga bahasha, nikaipeleka kwenye duka la mzee mmoja wa Kiislamu aliyekuja zamani kutoka pwani. Basi lilikuwa likichukua mizigo barazani kwake. Yeye hakuwahi kuuliza ndani kuna nini. Aliiweka bahasha juu, mbali na madumu ya mafuta, akanipa kikombe cha chai ya tangawizi.

Mwaka ulipogeuka ikaja barua kutoka kanda. Buti la basi lilivuja njiani. Kadi zote za bahasha ile zilikuwa zimeingia maji. Chukueni damu upya.

Niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa. Ilibidi kina mama wote waitwe tena, na visigino vyote vichomwe tena. Tuliwapata kwa simu za majirani, za wenyeviti wa vitongoji, za makatekista. Mama wa Mabamba alijibu mwenyewe kwa simu ya dada yake. Nilipomaliza kumweleza aliuliza tu, "Kwa hiyo ile damu imepotea?"

"Imepotea, mama."

"Haya."

Siku hizohizo mdogo wangu alikuja nyumbani. Sisi ni watu wa Kitanga, Kasulu. Tulikulia kwenye mashamba ya mihogo na maharage. Yeye alipenda fizikia tangu utoto, akaifundisha kwenye sekondari moja mjini Kasulu, kisha akapata ufadhili wa kusoma Ulaya. Baba alikuwa ameanguka na baiskeli akavunjika nyonga, kwa hiyo mdogo wangu aliomba ruhusa akaja kumwona. Kabla ya kurudi alipitia kwangu Kibondo akakaa siku chache.

Jioni ya kwanza, tukila ugali wa muhogo na samaki wa migebuka, nilimuuliza anachokifanya huko. Nilimuuliza kwa adabu tu, kama unavyomuuliza mtu habari za safari. Akasema, "Dada, tunajaribu kutengeneza kitu cha kuona virusi."

Niliacha kula.

Akanieleza kuhusu almasi. Si zile za kuvaa. Hizi ni vumbi, punje ndogo hata darubini yangu isingeziona. Almasi yote ni kaboni, alisema, imepangwa kwa mstari kama matofali. Lakini punje nyingine zina kasoro: tofali moja halipo, na pembeni ya lile pengo kumekaa naitrojeni. Kasoro hiyo ndiyo mali. Ukiimulika kwa mwanga wa kijani, inakurudishia mwanga mwekundu. Na ule wekundu unasikia vitu. Ikipita sumaku ndogo kabisa karibu yake, ndogo kiasi ambacho hakuna chombo kingine kingeshtuka, mwanga unabadilika.

"Wanakiita kihisi cha kwanta," alisema. "Kwanta ni ile tabia ya vitu vidogo sana. Chembe moja tu inakuwa kama sikio."

"Na kirusi kinaingiaje hapo?"

"Unazipaka zile punje gundi ya pekee, inayoshika kirusi kimoja tu na si kingine. Tone la damu linapita juu ya karatasi. Kama kirusi kipo, punje zinanasa pale kwenye mstari. Kwenye vipimo vyenu vya sasa mstari lazima uwe mzito ndipo jicho liuone. Hizi hazihitaji kuwa nyingi. Unazipigia mawimbi ya redio, zile almasi zinapepesa mwanga kwa mpigo unaoutaka wewe, na uchafu mwingine wote unaong'aa pale haupepesi. Kwa hiyo unazitambua hata zikiwa chache sana. Hiyo ndiyo ndoto. Kumwona mgonjwa siku za mwanzo kabisa, papo hapo, bila kutuma popote."

"Imeshafanya kazi?"

"Kwenye maji masafi tunaona almasi vizuri. Kwenye damu bado hatujafika. Hata gundi yenyewe bado tunabishana nayo."

Akaanza kuniuliza maswali. Chumba chetu kina joto gani mchana? Umeme unakatika mara ngapi? Vumbi la kiangazi linaingia mpaka kwenye darubini? Mwanzoni nilijibu kwa mkato, nilikuwa nimechoka na siku ilikuwa ndefu. Lakini aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli, na nikajikuta naeleza kila kitu, mpaka panya waliokula waya wa jokofu. Tulicheka. Ilikuwa muda mrefu sijacheka nikizungumzia kazi.

Kesho yake alikuja nami kituoni. Ilisadifu ndiyo siku mama wa Mabamba alipokuja kurudia. Alikuwa amelala kwa shangazi yake mjini kwa sababu barabara ilikuwa mbaya. Mtoto alikuwa amenenepa kidogo, anatabasamu kwa kila mtu. Nilimwomba mama ruhusa ndugu yangu abaki ndani, nikamwambia anasomea mambo ya vipimo. Akamtazama mdogo wangu toka kichwani hadi miguuni.

"Wewe ni wa wapi?"

"Wa Kitanga, mama. Ni mdogo wake huyu."

"Unasomea kumchoma mtoto?"

"Hapana, mama. Nasomea ili siku moja jibu litoke hapahapa, mtoto akiwa bado mapajani kwako."

Nilitamani angenyamaza. Si vizuri kumwambia mtu mwenye njaa habari za chakula kilicho mbali. Lakini alishasema, na mama aligeuka kabisa kumtazama.

"Hicho kitu kiko wapi?"

Mdogo wangu akamweleza, kwa Kiha, polepole, mawe madogo yanayong'aa na mwanga unaobadilika. Alieleza vizuri kuliko alivyonieleza mimi. Mama alisikiliza bila kupepesa.

"Sasa kinakuja lini Kibondo?"

"Sitakudanganya, mama. Hakijui hata kuona ndani ya damu. Itachukua miaka mingi. Na kinaweza kisifike kabisa. Vitu vingi vya maabara huishia maabara."

"Huyu atakuwa ameanza shule?"

"Labda atakuwa na watoto wake."

Mama alicheka, kicheko kifupi cha puani. Ndiyo mara ya kwanza kumwona akicheka. "Wewe angalau unasema ukweli," akamwambia. Kisha akanipa mguu wa mtoto. "Chomeni."

Mdogo wangu alishika kile kitambaa cha moto juu ya kisigino mpaka nikamwambia inatosha. Mtoto alilia, maduara yakajaa. Jioni mdogo wangu alisema bahasha ile haitakwenda kwa basi bila mtu. Alikuwa anapitia mji ule wa maabara ya kanda kupanda ndege yake, ataibeba mwenyewe begani. Nikampa. Niliona mzigo umenitoka kidogo.

Aliponipigia kutoka huko, nilimuuliza kabla hata ya kumjulia hali: "Umeifikisha?"

"Nimempa mtu mkononi, kavu kabisa. Mtu mwema, amenionyesha na mashine. Dada, imefunikwa kitambaa. Kemikali zimeisha, wanasubiri meli."

Kwa hiyo tukasubiri meli. Mama wa Mabamba alikuwa akipita kila alipokuja mjini kununua mawese ya kuuza. Hakuingia ndani, alisimama mlangoni, mimi nikatikisa kichwa, naye akaondoka. Wakati mwingine alipandisha nyusi tu. Nilianza kuziogopa siku za soko. Mtandao wa simu ulikuwa unashika vizuri kwenye mwinuko nyuma ya kituo, na nilikuwa napanda huko mchana kuwapigia simu watu wa kanda, napokewa, naambiwa bado, nashuka. Wenzangu walianza kunitania kwamba nina mchumba kule juu.

Mwishoni mwa Februari mama wa Mabamba alikuja na hakusimama mlangoni. Alipita moja kwa moja mpaka chumba cha tabibu, mtoto amefungwa kifuani.

Nilimfuata. Mtoto alikuwa amekonda, mbavu zinaingia ndani kila anapovuta pumzi. Mdomoni ulimi wote ulikuwa umefunikwa utando mweupe. Tabibu wetu alikuwa mwanamke wa makamo, mkimya, mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta. Alimpima, akamsikiliza kifua pande zote, akaagiza alazwe na sindano zianze mara moja. Halafu akaniuliza, "Majibu yake?"

"Bado."

Alivua miwani. "Nimonia kali, na huu utando. Vyote pamoja, kwa mtoto wa umri huu, mwongozo unaniruhusu kumhesabu kwamba ana virusi, nimwanzishie dawa bila kusubiri." Akamgeukia mama. "Lakini mama, ni kuhesabu tu. Kirusi chenyewe sikioni. Dalili hizi zinaweza kuletwa na mambo mengine. Nikimwanzishia na kumbe hana, atakunywa dawa kali bure. Nisipomwanzishia na kumbe anavyo, tunaweza kumpoteza. Unasemaje?"

Mama alinitazama mimi. Mpaka leo sijui alitaka nini kwangu. Mimi ndiye niliyekuwa mtu wa vipimo, na sikuwa na kipimo.

"Yule wa kwanza tulisubiri," akasema mwishowe. "Mpe."

Kabla ya dozi ya kwanza nilichukua kadi nyingine, ili jibu lake lisichanganywe na dawa. Kisigino kilikuwa cha baridi hata baada ya kitambaa, damu ilitoka kwa shida, na mtoto hakuwa na nguvu ya kulia. Afadhali wangelia wote kuliko kimya kile.

Hakufa. Homa ilishuka, kifua kikafunguka, utando ukaisha. Aliporuhusiwa alitoka wodini mikono imeng'ang'ania nywele za mama yake. Tabibu alifurahi, mimi nilifurahi, na sote tuliamini kwamba tulihesabu sawa. Mama alipewa chupa za dawa ya maji, asubuhi na jioni, bila kukosa.

Dawa zake mwenyewe alikuwa anazificha ndani ya debe la unga. Mume wake hakujua. Alikuwa amepanga kumwambia na kila mara akaahirisha, na hilo silishangai, nimeliona kwa wengi. Lakini chupa ya mtoto huwezi kuificha. Mtoto anatema, anapiga kelele, nyumba nzima inajua. Mume aliona chupa. Akaichukua akaenda kumwonyesha mtu aliyejua kusoma, na yule mtu akamwambia ni dawa ya nini.

Haya alinieleza mwenyewe baadaye, kwa sauti ileile ya kueleza bei ya maharage. Mume alirudi, hakumpiga, hakupaza sauti. Aliuliza, "Mtoto anaumwa nini?" Akamwambia. Akauliza, "Na wewe?" Akamwambia. Akamsihi waje wote kituoni apimwe naye. Mume akasema atafikiria. Asubuhi alichukua koti na panga, akasema anakwenda Uvinza kutafuta kibarua kwenye kiwanda cha chumvi. Hakurudi. Mama mkwe alikuja kuchukua mbuzi.

Majibu yalifika Mei. Bahasha moja, karatasi mbili: ya kadi aliyoibeba mdogo wangu, na ya ile ya wodini. Nilizifungua dirishani penye mwanga. Zote mbili zilisema hakuna kirusi.

Nilikwenda kwa tabibu nikamwekea mezani. Alizisoma, akazigeuza kana kwamba nyuma kuna maneno mengine. "Ilikuwa nimonia tu," akasema. "Nimonia na utapiamlo." Akazikunja. "Ningefanya vilevile."

"Najua."

"Mwite."

Mama alikuja na mtoto mgongoni, amekwishajua kutambaa. Tabibu alimweleza taratibu: hana virusi, dawa ile inakoma leo, ila kwa kuwa bado ananyonya tutaendelea kumlinda na kumpima tena akishaachishwa. Nilikuwa nimezoea wakati kama ule. Kina mama hulia, hupiga magoti, hutushika mikono. Mimi mwenyewe nilikuwa nimejiandaa kushikwa mkono.

Yeye alizitazama zile karatasi mezani. Kisha akauliza, "Hizi karatasi zimesema hivyo tangu lini?"

"Damu ya kwanza ni ile ya Januari," nikasema.

"Januari alikuwa hana."

"Alikuwa hana."

"Na Januari baba yake alikuwa nyumbani."

Tabibu alivaa miwani, akavua.

"Angeondoka tu," mama akasema. "Kama si chupa ya huyu ingekuwa yangu. Lakini ningependa nimwambie mwenyewe." Akasimama, akamkaza mtoto mgongoni. Mlangoni akageuka. "Hana?"

"Hana, mama."

"Asante," akasema, akatoka.

Nilimpigia mdogo wangu nikamsimulia yote. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilimuuliza almasi zao zimefika wapi. Akasema wameanza kuzijaribu kwenye majimaji yenye protini, na kila kitu kinanata mahali kisipotakiwa. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyechoka, na kwa namna fulani nilifarijika kwamba hata huko watu wanachoka. Hatukuambiana maneno ya kutiana moyo. Tuliongea habari za nyonga ya baba.

Mwaka uliofuata, 2015, nilihamishiwa Kasulu. Nilifikiri nitapumzika kidogo, niko karibu na nyumbani. Kisha, kuanzia Aprili, watu wakaanza kumiminika kutoka Burundi, kwa miguu, kwa malori, na kina mama wenye watoto wachanga wakajaa mpaka uani. Tulipima tangu kunapokucha. Wauguzi waliotoka mikoa mingine hawakujua Kirundi, na wagonjwa wengi hawakujua Kiswahili, kwa hiyo walitafutwa watu wa kutafsiri.

Ndipo nilipomwona tena mama wa Mabamba. Alikuwa amehamia Rungwe Mpya, kwa kaka yake, analima huko. Alikuwa amesimama kati ya muuguzi na bibi mmoja aliyeviringisha mguu kwa khanga, akipokea maneno upande huu na kuyatoa upande ule, bila kuongeza kitu. Pembeni yake, ameshika sketi yake, alisimama mtoto mwenye nywele nyingi.

Aliponiona alipandisha nyusi, vilevile kama zamani.

"Nilikuwa nakutafuta," akasema foleni ilipopungua. "Ameacha kunyonya siku nyingi. Mlisema kile kipimo cha mwisho."

Umri wake ulikuwa umefika. Sasa kipimo cha haraka kingesema kweli, askari wa mama walishaisha. Niliwaingiza ndani. Safari hii nilichoma kidole. Mtoto alinitazama kwa mshangao, akafikiria kulia, akaacha. Niliweka tone, nikaongeza dawa ya kipimo, na sisi watatu tukakaa kuitazama ile karatasi kama watu wanaosubiri chungu kichemke. Nje watu waliitana. Mtoto alivua kiatu, akanikabidhi. Nikamvisha, akakivua tena.

Mstari mmoja ulitokea. Tulisubiri mpaka muda uishe. Haukutokea mwingine.

"Mmoja," akasema.

"Mmoja. Hana."

"Na huu haurudiwi?"

"Haurudiwi, mama. Huu ndio wa mwisho."

"Niambie kwa Kiha."

Nikamwambia kwa Kiha. Sijui kwa nini ilinibidi nianze mara mbili, maana nilikuwa nimelisema neno lile mara nyingi kwa Kiswahili bila shida. Alitikisa kichwa kukubali. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini hakulia. Alionekana kama mtu ambaye ametua mzigo na mabega hayajaamini.

"Daktari," akasema, "naomba nilale hapa kidogo."

Nilimwonyesha benchi la ukutani. Alijilaza, akafunika uso kwa ncha ya kitenge, na nikamsikia akianza kukoroma kabla sijamaliza kunawa mikono. Mtoto alikaa sakafuni karibu na miguu yangu na kiatu chake. Muuguzi mmoja alichungulia, akasema mkalimani anatafutwa, kuna mama ana uchungu na hawaelewani.

"Yuko wapi mwingine?" nikamuuliza. "Mtafuteni mwingine."

Akamwangalia yule aliyelala, akarudisha mlango polepole. Mimi nikavaa glavu nyingine, nikaita anayefuata.